Mwendo Una Mwenyewe

Liko swali moja ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa, kwa kuwa dunia yao haikuwa na njia ya kulileta. Swali lenyewe ni hili: je, mwendo wa mtu ni mali? Mtu akifa, shamba lake hurithiwa, nguo zake hugawiwa, na jina lake hupewa mtoto atakayezaliwa. Je, mwendo wake nao, yaani jinsi alivyokanyaga, alivyogeuka na alivyoinama kuokota kitu, waweza kurithiwa, kuuzwa au kuazimwa? Zamani jibu lilikuwa jepesi: mwendo wa mtu ulizikwa pamoja naye. Siku hizi kompyuta imelifufua swali hili, na mimi, mwalimu mstaafu ambaye magoti yake yameanza kubishana na ngazi, nimeona ni vema nilitafakari wakati ningali ninaweza kusema neno juu ya mwendo wangu mwenyewe.

Kwetu vilimani Usambara, mtu akitokea upande wa pili wa bonde hatambulikani kwa uso. Uso kwa umbali ule ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Hutambulikana kwa mwendo. Mtoto wa miaka mitano husimama uwanjani jioni, hata rangi ya nguo haionekani sawasawa, akasema, "Baba anakuja," na kweli baba akaja. Lugha yetu nayo inalijua jambo hili, ndiyo maana imejaliwa maneno mengi ya miguu: mtu huchechemea, hujikokota, hunyata, huyumba, huenda kwa madaha, huenda aste aste. Zaidi ya hayo, tunapotaka kusifu tabia ya mtu twasema ana mwenendo mwema. Neno tunalolitumia kwa tabia limezaliwa na kitendo cha kwenda. Naamini waliolitunga hawakubahatisha.

Wataalamu wamelithibitisha kwa njia yao jambo ambalo mtoto wa Usambara alikuwa akilijua bila kusoma. Mwaka 1973 Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo linatajwa. Aliweka nukta za mwanga kwenye viungo vikubwa vya mtu: mabegani, viwikoni, nyongani, magotini na vifundoni. Kisha akachukua filamu ambayo ndani yake hakuna kilichoonekana ila zile nukta, zisizozidi kumi na mbili hivi. Mtu yule aliposimama kimya, watazamaji waliona nukta zilizotawanyika tu, kama nyota. Alipopiga hatua, wote waliona mara moja kwamba ni binadamu anatembea. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski wa Marekani wakasogeza jambo hili mbele zaidi. Walionyesha kwamba watu wanaofahamiana waweza kutambuana kwa nukta hizo tu, tena kwa kiasi kinachopita kubahatisha. Uso umefichwa, nguo hazionekani, sauti haisikiki, na bado rafiki akasema, "Huyu ni fulani."

Basi, ikiwa nukta kumi na mbili zatosha kumbeba mtu, si ajabu kwamba watu wa kompyuta wamezitamani nukta hizo.

Kazi hii haikuanza na kompyuta. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe mikononi na miguuni, akampiga picha nyingi mfululizo juu ya bamba moja, ikabaki michoro ya mwendo bila mwili. Njia ya leo ya kunasa mwendo ni mjukuu wa ile. Mtu huvikwa suti iliyobandikwa vipira vidogo vinavyorudisha mwanga. Kamera nyingi humzunguka. Kompyuta hukokotoa mahali kilipo kila kipira, mara nyingi kwa sekunde moja. Nukta hizo hufungwa kwenye mifupa ya kuchora, na juu ya mifupa hiyo huwekwa mwili wowote upendao: wa askari, wa jitu, wa kiumbe kisichopata kuwako duniani. Ndivyo mwigizaji Andy Serkis alivyompa mwendo kiumbe aitwaye Gollum katika sinema ya mwaka 2002. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa vimeundwa kwa jasho la mtu usiyemwona.

Iko njia ya pili, nayo kwangu mimi mwalimu ndiyo iliyonivutia zaidi. Badala ya kunakili mwendo, wataalamu huunda mwili wa hesabu wenye mifupa yenye uzito, viungo vyenye mipaka na ardhi inayovuta, kisha wakauacha ujifunze. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao walionyesha kazi waliyoiita DeepMimic. Mtu wa hesabu alipewa mfano wa mwendo wa binadamu, akaachwa ajaribu kuuiga, akipata alama kila alipokaribia. Alianguka, akarudishwa, akaanguka tena, kwa mamilioni ya hatua za mazoezi, hata akaweza kutembea, kukimbia na kupiga sarakasi kinyumenyume. Nilipoelezwa hayo nilimkumbuka mtoto anayesimama dede. Lakini mtoto akianguka huumia, na kabla hajalia hutazama kwanza uso wa mama yake ili ajue kama kuanguka kule ni jambo kubwa au dogo. Yule wa hesabu huanza upya bila kovu na bila kumtazama mtu yeyote.

Msomaji asidhani kwamba naichukia elimu hii. Kuchukia kitu kwa sababu kimezaliwa baada yako ni uvivu wa wazee. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa programu iitwayo OpenSim, tena bila malipo, inayoiga mifupa, misuli na nguvu zinazomwezesha mtu kutembea. Watafiti wameitumia kuchunguza kwa nini baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo hutembea magoti yakiwa yamekunjika, na ni msuli upi unaosaidia na upi unaozuia. Mwendo wa mtoto umechukuliwa na kompyuta kweli, lakini umechukuliwa ili umfae. Mkononi mwa watu kama hao ningeukabidhi mwendo wangu leo hii, pamoja na magoti yenyewe.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Mke wangu, ambaye naye alikuwa mwalimu, alifariki mwaka 2019. Mwaka 2024 ukoo ulikuwa unaandaa shughuli ya kumbukumbu ya miaka mitano. Mjukuu wangu mmoja anafanya kazi Dar es Salaam, kazi ya kutengeneza matangazo na michezo ya kompyuta. Ni kijana mwenye adabu na akili nyingi, na alikuwa na utani mkubwa na bibi yake. Alimwita mchumba wake, na mimi akaniita mume mwenzake. Alikuja kwangu akiwa na kanda ya arusi ya mama yake ya mwaka 1997, ambayo aliihamisha ikaingia katika kompyuta. Ndani yake bibi anaonekana kwa dakika nne hivi, akitoka jikoni kwenda kwa wageni na kurudi.

"Babu," akaniambia, "siku hizi suti hazihitajiki. Programu inachukua mwendo kutoka kwenye video ya kawaida. Nipe ruhusa, nitamtengeneza Bibi. Siku ya kumbukumbu ataingia mlangoni, ataketi, na atawapungia mkono wajukuu ambao hawakumkuta."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe wiki moja, maana jambo la namna hiyo halijibiwi kwa kinywa kilichojaa chai.

Hoja zake zilikuwa tatu, na haki yataka nizitaje zote. Ya kwanza: picha ya Bibi imetundikwa sebuleni na hakuna anayelalamika, kama picha ni halali, kwa nini mwendo usiwe halali? Ya pili: watu wameigana tangu zamani, mama yake mwenyewe anatembea kama Bibi, je, naye ameiba? Ya tatu: hakuna atakayedanganywa, kwa kuwa kila mtu atajua ni kazi ya kompyuta.

Nianze na ile ya pili, maana ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ni kweli twaigana. Katika miaka yangu ya ualimu niliwaona wavulana wakitembea mikono nyuma kama mimi, wakidhani siwaoni. Ngoma zetu zote zimehama hivyo, kutoka mwili wa mzee kwenda mwili wa kijana. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwafundisha watoto gwaride, na siku ya maonyesho mia nne walipiga hatua kama mtu mmoja. Hatua ilikuwa moja, lakini jasho lilikuwa la watu mia nne. Hapo ndipo nilipoliona jibu. Anayeiga mwendo huulipia kwa mwili wake. Miguu ni yake, uchovu ni wake, na akikosea aibu ni yake. Mwendo wa mama ukifika kwa binti hugeuka kuwa tendo la binti. Kwa hiyo mwendo hurithiwa kweli, lakini hurithiwa na mwenye miguu.

Sasa nije kwenye picha. Marehemu mke wangu alikuwa na kawaida moja ambayo waliomfahamu waliijua. Alipofika mlangoni pa nyumba, hata iwe yetu wenyewe, alisita nusu hatua kabla ya kuvuka kizingiti. Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu nilimwuliza sababu. Alinijibu kwamba waliomo ndani huenda wako katika maneno yasiyomhusu, na ukiingia ghafla unawaaibisha. Basi yeye huwapa nafasi ya kujikusanya. Kusita kule kulikuwa ni kusikiliza. Katika ile kanda kunaonekana dhahiri, naye mjukuu wangu, kwa kuwa ana jicho la kazi yake, alikuwa amekuona. Alinitajia kwa furaha: "Na ile ya kusimama mlangoni nitaiweka, Babu. Ndiyo itakayofanya kila mtu aseme ni yeye hasa."

Neno hilo ndilo lililonikalia moyoni wiki nzima. Sanamu ile ingesita mlangoni kwa nusu hatua iliyopimwa sawasawa, na isingesikia kitu. Ingesita vilevile mbele ya nyumba yenye ugomvi, mbele ya nyumba yenye vicheko na mbele ya nyumba tupu. Umbo la heshima lingekuwapo, na anayeheshimu hayupo. Kilichofanya kusita kule kuwe kwa mke wangu si urefu wake, bali ni kwamba kila mara alikuwa ameamua kusita, na angeweza kuingia moja kwa moja kama tunavyoingia sisi wengine.

Mjukuu wangu angesema, na baadaye alisema, kwamba kanda ya video nayo haisikii. Kweli. Lakini kanda ni shahidi. Yasema: siku ile ya mwaka 1997, mbele ya mlango ule, mama huyu alisita. Hilo lilitendeka, na kanda inalishuhudia. Picha ya sebuleni nayo yasema: alikuwa hivi. Ile aliyotaka kuitengeneza yeye ingesema jambo jingine: leo, mbele ya watoto hawa, mama huyu ameingia na kuwapungia mkono. Hilo hakulitenda. Huenda angelitenda kwa furaha. Mimi nisiye na shaka juu ya mapenzi yake kwa watoto naamini angelitenda. Lakini tendo ambalo mtu angelitenda si tendo alilolitenda, na hakuna mwingine awezaye kulijaza pengo hilo kwa niaba yake, hata kwa mapenzi.

Kuhusu hoja ya tatu, kwamba hakuna atakayedanganywa, nakubali kwamba wakubwa wangejua. Lakini kosa ninalolisema halimo katika kudanganya macho tu. Hata kama kila mmoja ukumbini anajua ukweli, bado mtu asiyeweza kukataa amefanywa atende. Aliye hai ukimwambia inuka, aweza kusema nimechoka. Uwezo huo wa kusema nimechoka ndio unaoyapa thamani matendo yake yote mengine. Maiti tunamwosha na kumfunika kwa adabu kubwa kwa sababu hawezi kujitetea. Kwa nini adabu hiyo iishie kwenye mwili na isifike kwenye mwendo?

Dunia ya sinema imekwisha kulikuta swali hili. Mwigizaji wa Uingereza Peter Cushing alifariki mwaka 1994. Mwaka 2016 sura yake ilionekana tena katika sinema ya Rogue One, ikiwekwa juu ya mwigizaji mwingine, Guy Henry, ambaye ndiye aliyetoa mwili na mwendo. Ruhusa iliombwa kwa wanaosimamia urithi wake. Upande wa pili wako wanamuziki wanne wa ABBA wa Sweden. Wao, wakiwa watu wazima wa rika langu, walivaa suti zile kwa wiki tano huko Stockholm, na tangu Mei 2022 sura zao za ujanani zikawa zinaimba mbele ya watu London. Miili ya vijana wengine ilisaidia kutoa mwendo wa ujanani, lakini wenyewe walikuwapo, walijua na walitaka. Katika hilo la pili sioni lawama. Katika lile la kwanza naona ruhusa ambayo mwenye mwendo na uso hakuweza kuitoa mwenyewe, na ruhusa ya mrithi, hata iwe njema vipi, ni ya mrithi.

Walio hai nao wameanza kulihangaikia jambo hili. Waigizaji wa michezo ya kompyuta nchini Marekani walipogoma kuanzia Julai 2024, mgomo uliochukua karibu mwaka mzima, miongoni mwa mambo waliyoyagombea ni kwamba wale wanaotoa mwendo tu, ambao uso na sauti zao hazionekani wala kusikika, wakingwe sawa na wenzao dhidi ya kunakiliwa na mashine. Sikushangaa. Mtu aliyeanguka mara hamsini juu ya godoro la studio ili askari wa kuchora aanguke vizuri anajua kwamba kilichouzwa si hesabu tupu.

Baada ya wiki nilimwita mjukuu wangu nikamweleza haya. Nilimwambia kanda aionyeshe kama ilivyo, asiongeze hatua hata moja. Alinisikiliza, akauliza maswali mazuri, akakubali, ingawa nilimwona ameumia. Aliyekataa ni mama yake. Alinijia peke yake akaniambia, "Baba, wewe una miaka arobaini na tano ya Mama kichwani. Hawa watoto wadogo wana nini? Dakika nne za kanda iliyochakaa?"

Neno hilo ni zito, na sijifanyi nina jibu linalolimaliza. Mwenye akiba humwona mwombaji kuwa na haraka. Siku ya shughuli nilifanya niliyoweza. Tuliwaonyesha watoto zile dakika nne, kisha nikawapeleka mlangoni pa nyumba yetu, nikawaonyesha mahali bibi yao aliposita, na nikawaeleza kwa nini. Walijaribu mmoja mmoja. Wengi walicheka na kusukumana, kama watoto. Binti yangu alitazama na hakusema kitu, wala baada ya hapo hajaniambia kwamba nilikuwa na haki. Huenda siku moja atatengeneza sanamu ile nitakapokuwa sipo, na sitakuwa na mdomo wa kumzuia.

Kwa hiyo nimeyaweka maneno yangu pamoja na hati ya shamba, na hapa nayarudia ili wasomaji wawe mashahidi. Mwendo wangu, kama umenaswa mahali popote katika picha au kanda, na uwafae waganga na wanafunzi wao kama wataona una faida. Waupime, waukate vipande, wamfundishie mtoto mwenye magoti yaliyokunjika. Wajukuu wakitaka kutembea mikono nyuma, na watembee, miguu ni yao. Lakini asiwepo wa kuniinua kitini nikiwa nimekwisha kuketi, wala wa kunipeleka kwenye mlango ambao sikuufikia.